Namba Thelathini na Moja

3 Februari

Mdogo wangu Kidomo,

Salamu nyingi, na nitakusalimia vizuri siku nikitulia, maana leo nina kinyaa mpaka kwenye meno. Si kinyaa cha mashuka. Mashuka ya hospitali nimeyazoea miaka kumi na minane sasa: damu, usaha, matapishi, nywele, na yale mengine ambayo nikikuandikia hutakula. Shuka lina uchafu wake, lakini linaingia kwenye mashine, linatoka, linapigwa pasi, yameisha. Leo nimepewa kitu ambacho sijui nitakifulia wapi.

Tumepewa kitabu cha Kiingereza.

Usicheke. Najua unacheka. Dada yako wa miaka hamsini na mbili, aliyeishia darasa la tatu, sasa ni mwanafunzi. Wale wafadhili wa hospitali wanakuja tarehe 9 Aprili, na wamesema safari hii wanataka kuongea na wafanyakazi wenyewe. Basi uongozi umeamua sisi wanawake kumi na mmoja wa dobi tujue Kiingereza kabla ya siku hiyo. Atakayeshindwa, kazi hana. Tangazo limebandikwa ukutani, pale pale palipokuwa na ndoano ya kutundikia aproni.

Mwalimu wetu ni msimamizi, yule anayetia wanga kwenye kola mpaka akitaka kukuangalia inabidi ageuke mwili mzima. Tunamwita Bwana Kola. Anatufundisha saa ya chakula, kwenye meza ya kuchambulia, sahani zetu zikiwa zimebanana na mashuka ya wodini. Sentensi ziko arobaini na kila moja ina namba. Sasa, kwetu mashine zinanguruma, mtu hamsikii mwenzake, kwa hiyo tunaongea kwa vidole: kimoja mashuka, viwili taulo, vitatu nguo za upasuaji, na ngumi juu maana yake zima mashine, kuna hatari. Vidole hivyo tulivibuni sisi, Bwana Kola hajaletwa hapa. Naye kavichukua. Akinyoosha kidole kimoja, akagusa kola yake, akanyoosha viwili, hiyo ni kumi na mbili, na sote tunapayuka sentensi ya kumi na mbili. Maana yake hatuambii. Nilimuuliza, akasema, "Mama, maana haikuhusu. Wewe toa sauti."

Toa sauti! Mimi mbuzi?

Nakuandikia chache kama ninavyozisikia. Namba mbili: Ai em veri hepi hia. Namba saba: Ai em fain, thenkyu. Namba tisa: Sori sa, iti izi mai fol. Wewe ndiye msomi wa nyumba yetu na mwalimu wa lugha hiyo, niambie nasema nini. Chokochoko, mwenzangu wa meza moja, yule mwenye mtoto mchanga, anasema namba tisa lazima ni tusi, kwa sababu Bwana Kola akiisikia anafumba macho kwa raha.

Halafu kuna jambo la glavu. Zimeisha tangu kabla ya mwaka mpya. Tunachambua kwa mikono mitupu, na manesi kwa haraka zao wanatuletea sindano ndani ya mashuka. Tukiziona tunazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Glavu zimekosekana, lakini kitabu kimepatikana cha kila mtu.

Wasalimie watoto.

Dada yako


14 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa darasa, wanafunzi wakaniita mara mbili sikuwasikia. Nimefurahi kwamba unajifunza. Sicheki hata kidogo.

Namba mbili maana yake: Nina furaha sana hapa. Namba saba: Sijambo, ahsante. Namba tisa si tusi, mwambie Chokochoko. Maana yake: Samahani bwana, ni kosa langu. Ni adabu tu ya kazini. Hata sisi walimu tunasema hivyo kwa mkaguzi.

Dada, usikariri kwa vidole. Zile namba ziliwekwa ili mtu atoke kwenye rahisi aende kwenye ngumu, basi, hazikuwekwa kwa ajili ya mambo hayo. Lugha inaanzia mkononi. Shika kitu, kitaje. This is a basin. Hili ni beseni. This is my hand. Huu ni mkono wangu. Maneno yale ya mwanzo hayabadiliki, wewe unabadilisha kitu tu: This is soap, This is my sister. Fanya hivyo kwa vitu ishirini kila siku, hata nyumbani, na ndani ya mwezi mmoja utamshangaza Bwana Kola wako. Nimewafundisha watoto wa miaka saba kwa njia hiyo, na wewe una akili kuliko hao.

Usimlaumu sana mwandishi wa kitabu. Huenda alielekezwa cha kuandika. Mwandishi naye ana bosi wake. Kwani jalada lake lina rangi gani? Na ndani kuna jina la mtu yeyote?

Soma, ufaulu, kazi yako ibaki. Hilo ndilo kubwa kwa sasa.

Mdogo wako,
Kidomo


25 Februari

Mdogo wangu,

Jalada ni la kijani. Kuna picha ya mwanamke anacheka huku amekumbatia shuka jeupe, limekunjwa vizuri. Meno yake thelathini na mawili yote yako nje. Katika dobi yetu hakuna mwanamke wa namna hiyo wala shuka la namna hiyo. Jina la mwandishi halipo. Ningekuwa mimi nimeandika uchafu ule, nisingetia jina pia.

Kosa langu! Kwa hiyo wiki tatu nzima nimesimama mbele ya yule mwanamume nikimwambia ni kosa langu, tena kwa sauti ya kwanza darasani, maana anasema mimi ndiye ninayetamka vizuri. Akutukanaye hakuchagulii tusi, ndivyo wanavyosema, lakini huyu alikaa mezani akanichagulia, akayapanga matusi kwa namba. Nimewaeleza wenzangu maana. Mama wa mashine, yule anayeziwasha na kuzizima, aliacha kula. Chokochoko alicheka mpaka akalia.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne. Chokochoko alitia mkono kwenye furushi la wodi ya wanaume, akautoa na sindano ikiwa imesimama kwenye kidole cha kati. Imesimama, Kidomo. Ndani ya bomba lake mlikuwa bado na damu ya mtu. Niliinua ngumi, mashine zikazimwa, Bwana Kola akaja mbio, akafikiri moto. Alipoona kidole, alivuta pua kama anayenusa samaki wa jana. Akasema aoshe kwa sabuni. Chokochoko akamuuliza mtu aliyelalia shuka lile alikuwa anaumwa nini. Unajua alimjibu nini? Alimnyooshea vidole saba.

Namba saba. Sijambo, ahsante. Na yule mtoto wa watu, kwa mazoea tu, akaisema.

Wamempima Chokochoko damu, wakamwambia arudie baada ya miezi mitatu ndipo watajua kwa uhakika. Amemwachisha mwanawe ziwa kwa hofu. Analikamua lile ziwa chooni, anamwaga.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Niandikie sentensi tatu. Hatuna glavu. Mwenzetu amechomwa sindano yenye damu. Tazameni mikono yetu. Ziandike kama zinavyoandikwa na chini yake kama zinavyosikika. Tarehe 9 Aprili wageni watakapotuuliza, nitazisema, Bwana Kola anyooshe vidole vyake mpaka vya miguu. Toka utotoni wewe ndiye mdomo wetu. Ulikuwa unaongea hata usingizini, mama akasema huyu atatusemea. Basi siku yenyewe ndiyo hii.

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole sana kwa Chokochoko. Nimepiga magoti nikamwombea.

Kuhusu zile sentensi tatu, nimefikiri sana. Dada, ukisema hivyo mbele ya wageni, wao watapanda ndege na kuondoka, wewe utabaki na Bwana Kola. Wametangaza wenyewe kwamba atakayeshindwa hana kazi, na kushindwa watakupima wao. Nani atakuajiri kwa umri huo? Acha mimi niuandikie uongozi kwa njia ya kiungwana. Ninawafahamu watu wawili watatu wanaohusika na mambo haya. Mvumilivu hula mbivu.

Nimekutumia kifurushi. Kuna jozi ya glavu nzito za mpira, na kamusi yangu ndogo ya chuoni. Jalada limechanika lakini maneno yote yamo. Angalia salamu na majina ya vitu. Hayo ya mbele kwenye kitabu, kuanzia thelathini hivi, ni magumu kwa anayeanza, usijisumbue nayo.

Mdogo wako,
Kidomo


20 Machi

Kidomo,

Kifurushi kimefika. Jozi moja ya glavu, wanawake kumi na mmoja. Tuliiweka mezani tukaitazama. Mama wa mashine akauliza kama tuvae kidole kidole. Mwishowe tumempa Chokochoko, naye hazimsaidii kitu, kidole kimevimba hakiingii, na juzi Bwana Kola amemwambia apumzike nyumbani mpaka wageni wapite. Hataki waone kidole kile.

Mvumilivu hula mbivu, umesema. Sisi hapa tunakula ubavuni mwa usaha. Njoo ule nasi siku moja, uone kama mbivu inapita kooni.

Umewaandikia uongozi? Wamekujibu nini? Na hao watu wawili watatu unaowafahamu, umewafahamia wapi? Mbona hukuwahi kunitajia?

Kamusi ndiyo zawadi. Ninaisoma kila siku. Nafungua kitabu cha kijani, natafuta neno moja moja, naandika maana yake pembeni kwa penseli. Nimefika namba ishirini na sita. Kote ni ahsante, ndiyo bwana, mara moja bwana, sisi ni familia moja. Ukizisoma zote kwa mpigo unahisi umelambishwa sakafu. Nitafika mwisho, magumu na mepesi. Na vitu ninavitaja kama ulivyonifundisha. This is a basin. This is a sheet. Wajukuu wa jirani wananifuata nyuma wakirudia.

Sentensi zangu tatu ziko wapi?

Dada yako


30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii kabla hujafika namba thelathini na moja.

Kile kitabu nimekiandika mimi.

Niliitwa mwezi wa Novemba na watu wa ofisi moja inayotengeneza vitabu vya mafunzo ya kazi. Waliniambia ni kwa ajili ya watu wa usafi. Sikuuliza usafi wa wapi. Nilitaka kuitwa mwandishi, Dada, hata bila jina juu ya jalada. Niliandika sentensi sitini. Mle ndani mlikuwamo: Tunahitaji glavu. Nimeumia. Hii ni hatari. Hapana, sikubali. Naomba kuongea na mkubwa wako. Waliniita, wakaniwekea karatasi zangu mezani, na mbele yangu wakapiga mistari ya wino mwekundu juu ya sentensi ishirini. Yule mwenye kalamu alisema, "Mwalimu, hatuandiki kitabu cha ugomvi." Halafu akaniuliza kama naafiki. Nikasema naafiki. Nilisema kwa Kiingereza safi kabisa.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nilijua nilipofika kwenye namba mbili. Tangu hapo kila ninachokuandikia kinaninukia. Sijawaandikia uongozi. Niliogopa watauliza mimi ni nani na nimejuaje. Wanafunzi wangu wakitaja vitu darasani, This is a book, natamani nifunge mlango nikae peke yangu.

Namba thelathini na moja walitaka sentensi kuhusu mchapakazi. Nikatafuta mfano, nikakuona wewe. Naapa niliiandika kwa kujivuna. Nilidhani nakupa heshima.

Karatasi zile za wino mwekundu bado ninazo. Nimezinakili humu zile sentensi ishirini zote, na chini ya kila moja nimeandika inavyosikika. Zako tatu ziko juu kabisa. Zisome kabla ya tarehe 9. Usinisamehe, lakini zisome.

Kidomo


10 Aprili

Kidomo,

Leo sikuiti mdogo wangu. Nitakuita nikitaka.

Barua yako niliyoisubiri haikuja. Nimekwenda kwa mtu wa posta kila asubuhi mpaka akanionea huruma.

Wiki iliyopita, saa ya chakula, nilifika namba thelathini na moja. Bwana Kola anaipenda kuliko zote. Tukiisema anataka kila mtu amnyooshee kidole jirani yake. Nikafungua kamusi yako. Dada. Yangu. Kufua. Tangu. Tisa. Neno la mwisho nililitafuta mara mbili, sikuamini. Nikaunganisha: Dada yangu amefua nguo tangu ana miaka tisa. Hajawahi kulalamika.

Niliweka kijiko chini. Nani anajua kwamba mimi nilianza kufua nguo za watu nikiwa na miaka tisa? Mama amekufa. Baba hata akiwa hai hakujua. Nikakumbuka maswali yako ya rangi ya jalada, na watu wako wawili watatu, na kule kunikataza nisifike thelathini. Nilikwenda chooni nikatapika. Miaka kumi na minane ya kushika matapishi ya wengine, sijawahi kutapika kazini hata siku moja, na siku ile nikatapika kwa sababu ya sentensi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo nilizifua mimi, pamoja na sare zako za shule.

Nililalamika, Kidomo. Nililalamika kila siku iliyokuja. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu unabwabwaja, ukanizidi sauti.

Sasa nikupe habari za jana, uzisikie kwangu.

Wageni walikuwa wanne. Mlangoni walipewa glavu. Ndiyo, glavu, boksi jipya lililofunguliwa mbele ya macho yetu, ili mikono yao isiguse hewa ya dobi. Bwana Kola aliacha mashine zote zikinguruma ili maongezi yawe mafupi, akatupanga mbele ya meza, mimi katikati kwa sababu ya ile sauti yangu nzuri. Yeye akasimama nyuma ya wageni. Mezani alikuwa ametandika shuka jipya jeupe ambalo hatujawahi kuliona. Mwanamke mmoja mwenye miwani akauliza, tukajibu namba mbili. Akauliza tena, tukajibu kumi na moja. Alikuwa anaandika kila kitu, maskini, anatikisa kichwa kwa furaha.

Halafu akauliza swali refu, na katikati yake nikasikia maneno mawili ninayoyajua kwenye kamusi: mikono, na glavu. Nikaangalia nyuma yake. Vidole vitatu. Kola. Kidole kimoja.

Wenzangu wote tisa wakaninyooshea kidole mimi. Sauti moja, vizuri kabisa. Dada yangu amefua tangu ana miaka tisa. Hajawahi kulalamika. Mama wa mashine alikuwa anatokwa machozi, maana aliijua maana yake, lakini tangazo lile ukutani nalo analijua, na ana wajukuu wanne ndani ya nyumba.

Niliinua ngumi.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na mkono wa mama wa mashine nao ukaenda kwenye swichi bila kumuuliza mwenyewe. Miaka yote hiyo, ngumi ikiinuka mashine zinazimwa. Kukawa kimya mpaka tukasikia maji yakishuka kwenye mabomba. Wageni wakashtuka, wakageuka, wakamkuta Bwana Kola bado amenyoosha kidole chake kimoja juu.

Nikachukua kopo letu la maziwa ya unga nikalimimina juu ya lile shuka la maonyesho. Zilitoka zikalundikana, nyingine na damu iliyokauka, nyingine na usaha, na harufu ikapanda. Mgeni mmoja akaziba mdomo. Nilizitafuta zile sentensi tatu ambazo hukuniandikia, sikuwa nazo. Nikasema nilichokuwa nacho. This is a needle. Nikaishika nyingine. This is a needle. Nikaendelea, moja moja, sijui ngapi, mpaka sauti ikakauka. Nikainua mkono wangu nikautandaza na makovu yake. This is my hand. Halafu nikaonyesha pale mezani Chokochoko anaposimamaga, pakiwa patupu, nikasema, This is my sister.

Bwana Kola akaanza kucheka na kueleza. Yule mwenye miwani hakumwangalia. Alivua glavu zake taratibu, akaziweka mezani karibu na zile sindano, akauliza mahali pa kuoshea mikono.

Mwanafunzi wako


29 Aprili

Kidomo,

Barua yako imefika. Juu umeandika tarehe 30 Machi. Muhuri wa posta ni wa tarehe 8 Aprili. Siku tisa ilikuwa wapi? Usinijibu, najua. Nimezifua suruali zako miaka mingi, najua mifuko yake inavyohifadhi karatasi mpaka zinakunjika pembe. Uliandika ili uwe umeandika, ukaituma ikiwa haina kazi tena. Kinyaa cha kitabu nilikuwa nimeanza kukimeza. Cha muhuri ule hakipiti.

Glavu zimekuja. Jumatatu iliyofuata, maboksi mpaka dirishani. Bwana Kola alimpa kila mtu mawili, na mimi akanipa bahasha. Imeandikwa kwamba nimeshindwa mtihani wa Kiingereza kwa kutojibu kufuatana na kitabu. Basi niko nyumbani na beseni langu, nafua za jirani. Chokochoko amerudishwa kazini, anavaa glavu juu ya kidole ambacho hakikunjiki tena. Majibu ya damu ni mwisho wa Mei. Tunasubiri. Kila siku ananiuliza tarehe kama vile mimi ndiye kalenda.

Zile sentensi ishirini nazifundisha. Jumapili wanakuja wote kumi, wanakaa uani kwangu kwenye ndoo zilizopinduliwa. Namba nimekataa. Mtu akitaka kusema ameumia, anashika panapouma. Chokochoko ndiye hodari sasa, Tunahitaji glavu anaitamka utadhani anadai mahari. Aliniuliza nani kaandika maneno mazuri hivi. Nikamwambia ni yule yule aliyeandika yale arobaini, na ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akatema mate. Halafu akaniomba radhi kwa kutema mate uani kwangu, nikamwambia uani ni pangu, atakapomaliza tuendelee na somo.

Wageni hawakuishia kule. Wameitisha kikao hapa hospitali, Alhamisi tarehe 14 Mei, saa tatu asubuhi. Uongozi umeshajitetea kwa maandishi, mama wa mashine kaiona barua kwa katibu. Wanasema kitabu kiliandikwa na mtaalamu, na mtaalamu ndiye aliyechagua sentensi, wao hawakumkataza mtu kusema lolote. Kama ni hivyo, mimi ni mwanamke mkorofi aliyemwaga uchafu mbele ya wageni, na kazi yangu haina wa kuirudisha. Karatasi zako zenye wino mwekundu ndizo zinazojua ukweli. Karatasi pekee hazitoshi, watasema nimezitia wino mwenyewe jikoni. Anatakiwa aliyekuwa pale mezani wakati kalamu inapita.

Namba thelathini na moja nimeifuta kwenye vitabu vyote kumi na kimoja. Wanafunzi wangu walitaka kitu cha kuweka mahali pake, kwa hiyo nimeitunga mwenyewe kwa kamusi yako. Kama nimekosea, usinisahihishe. Inasema: Mdogo wangu ameongea tangu ana mwaka mmoja. Hajawahi kusema kitu.

Wanaisema vizuri, wote kumi. Ukitaka ifutwe, njoo na karatasi zako Alhamisi hiyo. Usipite mlango wa mbele wa wageni. Sisi tutakuwa nyuma, pale magari ya taka yanapotokea.

Dada yako